Mwaka Naliaka Alipobadilishwa Ngozi

Tulimzika Bwana Muiruri, mhariri wa vitabu, nyumbani kwake Kalimoni, kwenye shamba lile la maparachichi alilokuwa akitusifia kila chai ilipochelewa ofisini. Habari za kifo nilizipata kwa simu, katika kundi la waandishi ambamo mimi husoma tu, sichangii. Mpaka leo sijui vizuri kilichonipeleka. Nilivaa kofia yangu pana, nikajipaka losheni ya jua usoni na mikononi, nikaenda kuketi safu ya nyuma chini ya hema, kando ya nyanya mmoja wa kanisa lao aliyekuwa akiitikia kila msemaji kwa mguno wa chini chini. Waliongea wengi. Mmoja alisema marehemu alikuwa baba wa hadithi za vijana. Mwingine, kijana mwenye suti ya kubana, akasema ni kwa sababu ya mzee huyu kila mtoto wa nchi hii, awe wa kabila gani, awe wa hali gani, aliweza kufungua kitabu na kujiona humo. Watu walipiga makofi. Kisha emsii akaomba waandishi wote waliolelewa na marehemu wasimame waonekane. Wakasimama, huyu hapa, yule kule, wengine na mvi kama mimi. Yule nyanya, ambaye nilikuwa nimekwisha kumweleza nilivyomjua marehemu, akanigusa goti.

"Si wewe ni mmoja wao? Simama basi, mami, wakuone."

"Miguu inanisumbua, cucu."

"Woi, pole."

Miguu yangu haikuwa na neno. Kilichonikalisha ni yale maneno mawili ya kijana wa suti, kila mtoto. Nimefundisha miaka mingi, niko karibu kustaafu, na nilidhani jambo hili lilikwisha kupoa ndani yangu kama vile mambo mengi yanavyopoa. Lakini pale chini ya hema, jeneza likiwa mbele yetu limefunikwa maua, hasira ilinipanda ikiwa mbichi kabisa, hasira ya msichana wa miaka ishirini na mitano, na nikaona kwamba mimi bado ninaishi katika mwaka ule, kwamba sijawahi kutoka.

Mwaka ule nilikuwa nikiishi Makongeni, Thika, chumba kimoja nikishirikiana na Wairimu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya kiwanda cha nguo. Kilikuwa chumba cha mawe chenye paa la mabati na dirisha moja lililotazama magharibi, kwa hiyo saa za alasiri jua liliingia lote na mimi nilihamia kona ya mlango mpaka lishuke. Tulikuwa na vitanda viwili, pazia la maua katikati, stovu ya mafuta ya taa, na meza ndogo ambayo mguu wake mmoja tuliutegea tofali. Nilipopika omena, dagaa wa ziwani, Wairimu alikwenda kusimama nje akiziba pua kwa kanga, na alipopika mukimo wake wa viazi vya kupondwa mimi nilimwambia hicho ni chakula cha mtu asiye na meno. Kisha tulikula vyote viwili. Jioni aliketi kitandani miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi, kwa sababu kiwandani walisimama kutwa, na mimi nilimsomea nilichoandika. Kusoma kwangu ilibidi nisogeze karatasi mpaka ikaribie kugusa pua. Macho yangu hayatulii, yanachezacheza, zaidi nikiwa nimechoka. Wairimu hakuwahi kusema neno juu ya macho hayo. Alisema tu, "Soma polepole, usiruke." Upande wa pili wa ukuta tuliwasikia majirani vizuri kama redio. Siku moja mama mmoja alimwuliza mwenzake mimi huandika nini kila siku, na mwenzake akajibu, "Si ni barua za Wazungu wenzake." Wakacheka. Wairimu akapiga ukuta kwa kiatu.

Mimi ni mtu mwenye ualbino. Nimechelewa kulisema hapa kwa makusudi, maana ningeanza nalo ungesoma mengine yote ukiangalia hilo tu. Wakati huo tuliitwa zeruzeru, mbele ya macho yetu, na watu wenye adabu zao. Nilikuwa mwalimu wa muda katika shule ya msingi, na kwa vile nilipenda kusoma walinipa kabati la vitabu vya hadithi nilitunze. Nikasoma kila kilichokuwamo. Watu wa ngozi yangu niliwakuta mara mbili. Katika kitabu kimoja alikuwa mtoto aliyefichwa na familia yake kwenye chumba cha kuku. Katika kingine msichana alitekwa na majambazi, akaokolewa na mvulana shujaa, na baada ya kuokolewa hakusema lolote mpaka kitabu kikaisha. Mimi sijawahi kufichwa kwenye chumba cha kuku. Sijawahi kutekwa. Nimewahi kuchelewa shule, nimewahi kumwonea rafiki yangu wivu kwa sababu ya viatu, nimewahi kupenda mvulana mjinga. Kwa hiyo nikamwandika Naliaka.

Naliaka alikuwa na miaka kumi na minne na aliishi Makongeni kama mimi. Asubuhi moja anaona samaki wamekufa wanaelea kwenye mto Chania, anataka kujua kwa nini, na mtu mzima yeyote anayemwuliza anamwambia aende akasome. Basi anaanza kufuatilia mwenyewe. Anamdanganya mama yake, anagombana na rafiki yake Omondi, anapanda ukuta ambao hakupaswa kuupanda, na mwishowe anafika kwenye bomba la kiwanda cha kutengeneza ngozi ambacho nilikibuni. Alikuwa mkaidi na mdadisi na wakati mwingine mwongo. Alivaa kofia, aliketi dawati la mbele, jua lilimchoma, macho yake yalicheza akichoka. Hayo niliyaandika pale yalipohitajika, jinsi ungeandika kwamba mtu ni mrefu. Nilipomaliza kumsomea Wairimu sura ya mwisho maji yake yalikuwa yamepoa kwenye beseni.

"Huyu Naliaka ana kichwa ngumu," akasema. "Na hana adabu kabisa. Nampenda sana."

Ofisi ya uchapishaji nilikopeleka mswada ilikuwa Ruiru, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ukipanda ngazi ulisikia kwanza harufu ya rangi na saruji, halafu juu harufu ya gundi na karatasi mpya, na makatoni ya vitabu yalikuwa yamepangwa mpaka kwenye korido hata ikabidi upite upande upande. Bwana Muiruri alikuwa mtu mfupi, mwalimu wa zamani, aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Nataka niwe mkweli juu yake. Siku ya kwanza niliyoketi mbele ya meza yake hakuniuliza ninatoka wapi wala sikumwona akinikodolea macho. Alifungua mswada wangu akausoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, polepole, akisimama panapostahili, na alipofika mahali Naliaka anapomjibu mwalimu wake alicheka mpaka akavua miwani. Hakuna mtu aliyewahi kuyasoma maneno yangu hivyo. Ningempa chochote siku ile.

Aliporudisha miwani akasema, "Ni kazi safi. Nina swali moja tu. Huu ualbino wake una kazi gani kwenye hadithi?"

Sikumwelewa. "Kazi gani vipi?"

"Nimesoma nikingoja. Nikasema sasa watamteka. Hawakumteka. Nikasema basi wenzake watamtenga, halafu tujifunze kutotenga watu. Wala. Anatafuta samaki tu."

"Ndiyo. Anatafuta samaki."

"Sasa kwa nini ni albino?"

"Hauna kazi, Bwana Muiruri. Ni ngozi yake tu."

Alinitazama kwa upole, kama mtoto aliyekosea hesabu rahisi. Akanieleza kwamba kitabu cha vijana ni lazima kiwe na funzo, kwamba msomaji akikuta kitu kisicho cha kawaida hutaka kujua kimewekwa pale kwa sababu gani. Ningeweza, akasema, kukigeuza kiwe kitabu cha ualbino kweli kweli: nimwongezee mateso, labda watu wa kumwinda, kanisa limsaidie, tulie kidogo. Au Naliaka awe rafiki, na huyo Omondi awe mhusika mkuu, amtetee. Au hiyo hali iondolewe tu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekiri kuwa hauna kazi, kwa hiyo hadithi haipungukiwi na kitu. Nikamwambia mimi ndiye nitakayepungukiwa. Nikamwambia nimeshasoma kile cha chumba cha kuku na kile cha majambazi, na watoto wa aina yangu hawana haja ya cha tatu. Akagongagonga kalamu yake nyekundu mezani. Kisha akatabasamu akasema, "Haya, mwandishi. Umenishinda. Twende tule."

Tulikwenda hoteli moja karibu na soko. Nakumbuka matumbo na chapati, na bakuli la pilipili ya kupondwa lililokuwa na mbegu nyingi kuliko pilipili. Yule kijana wa kuhudumu alimwuliza yeye, akinielekeza mimi kwa kidevu, "Na huyu mzungu wako atakula nini?" Bwana Muiruri akaweka kijiko chini. "Huyu ni mwandishi," akasema, kwa sauti iliyofika meza za pili. "Ana mdomo. Mwulize mwenyewe." Yule kijana akaomba msamaha. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi kuliko lingine lolote la mwaka ule, nikitafuta mahali uongo ulipojificha, na sijaupata. Alimaanisha. Angepigana na hoteli nzima kwa ajili yangu. Sijui kwa nini ni rahisi zaidi kumtetea mtu mbele ya sahani ya matumbo kuliko kumtetea kwenye karatasi.

Tulirudi ofisini nikaambiwa ningoje kwenye korido wakati karatasi za mkataba zinachapwa. Niliketi juu ya katoni. Mlango haukufungika vizuri, na ndani alikuwa Bwana Ndirangu, mkuu wa mauzo, mtu mwenye sauti ya kuuza hata akiongea mambo ya kawaida.

"Muiruri, hebu fikiria," alikuwa akisema. "Hedimasta anafungua katoni, anaona hiyo sura kwenye jalada. Atajua ni kitabu cha afya. Atauliza kama Wizara imetuma na dawa."

"Wacha kelele."

"Na wazazi je? Kuna mama atakataa mtoto asiingie nacho nyumbani. Unajua watu wetu. Na hilo jina pia. Naliaka. Sasa mtoto wa Murang'a ataona ni kitabu cha Waluhya, hatakigusa."

Halafu nikamsikia Bwana Muiruri, taratibu, kama mtu anayefunga mjadala. "Hilo niachie mimi."

Nilifurahi. Nilikaa juu ya lile katoni nikifikiri, ananitetea, kama alivyonitetea hotelini. Nilitia sahihi mkataba siku hiyohiyo kwa moyo mweupe, pamoja na mstari uliosema kwamba mchapishaji atahariri kadiri atakavyoona inafaa, mstari ambao nilidhani ni wa koma na nukta. Niliporudi Makongeni nilimsimulia Wairimu kila kitu, na tulipofika kwenye 'niachie mimi' tulipiga kelele mpaka majirani wakauliza kama kuna mtu amepata mtoto.

Baada ya mvua za kwanza waliniita nipeleke picha yangu ya kuwekwa nyuma ya kitabu. Nilikwenda studio mjini Thika. Mpiga picha alihangaika na taa zake, akazisogeza, akazizima nusu, akaniambia dada, wewe unarudisha mwanga wote. Mwishowe akapata moja nzuri, mimi nimeinamisha kichwa kidogo, karibu kucheka. Ofisini nilimkuta mchoraji wao, Mutiso, kijana mkimya kutoka Matuu, na alinionyesha jalada alilokuwa akilichora. Msichana amechuchumaa ukingoni mwa mto, kofia imerudishwa nyuma, nywele zake rangi ya majani makavu, ngozi yake rangi ya ngozi yangu kabisa, kidevu mbele kwa ubishi. Hakumfanya mzuri sana wala wa kuhurumiwa. Nilishika ile karatasi, nikaisogeza karibu na macho, nikashindwa kuirudisha. Mutiso akaniambia, "Nilikuangalia ukipita kwenye ngazi. Usikasirike." Nilimwambia sijakasirika.

Vitabu vyangu vililetwa Thika kwa kifurushi mwishoni mwa muhula wa pili. Tulikuwa tumechinja jogoo. Wairimu alikuwa ameomba ruhusa kiwandani akisema ana mgonjwa. Alikata kamba kwa kisu cha vitunguu, akatoa nakala ya juu, akaisoma.

"Neema Ashinda," akasema. "Wamekosea. Wamekutumia cha mtu mwingine."

Lakini jina langu lilikuwa pale chini, herufi kubwa. Kwenye jalada palikuwa na msichana mweusi mwenye mashavu ya duara na nywele za kusuka, gauni jeupe, anatabasamu kama aliyetoka kubatizwa. Hata mto ulikuwa wa bluu safi, na kitabu kizima ni juu ya mto mchafu. Nilikigeuza nyuma. Mahali pa picha yangu walikuwa wamechora kalamu na wino. Nikakifungua nikaanza kusoma, pua kwenye karatasi, na kila mahali nilipomtafuta sikumkuta. Kofia imeondolewa. Dawati la mbele limeondolewa. Macho yanayocheza yamekuwa macho maangavu. Mama yake, ambaye nilimpa mistari michache tu juu ya siku binti yake alipozaliwa na wakunga wakanyamaza, mistari niliyoiandika nikilia, sasa alikuwa mama tu, anapika. Naliaka alikuwa Neema, na Neema alikuwa msichana yeyote. Hadithi yenyewe haikuwa imeguswa. Samaki, bomba, ukuta, vyote vilikuwapo. Bwana Muiruri alikuwa na haki aliposema haipungukiwi. Ilisomeka vizuri sana. Hilo ndilo lililoniua.

Wairimu alisema maneno mengi kwa Kikuyu ambayo sitayaandika. Jogoo alilala kwenye sufuria mpaka mafuta yakaganda.

Kesho yake nilikwenda Ruiru. Bwana Muiruri aliniona mlangoni akainuka. "Keti, mami. Najua."

"Naliaka yuko wapi?"

"Yuko. Ni yeye yule. Tumempa tu ngozi inayoweza kuingia shuleni."

"Mimi naingia shuleni kila asubuhi na hii yangu."

Nje kulikuwa na mtu anapakua mabati na kelele zilikuwa nyingi, akangoja ziishe, au alijifanya anangoja. "Wewe ni mtu, Nafula," akasema. "Watu watakuzoea. Kitabu hakipati nafasi hiyo. Kinaangaliwa mara moja tu kwenye rafu. Ningekiacha vile, kingelala kwenye korido hiyo umeipita sasa hivi, panya wale. Nimekuokoa. Wilaya tatu zimekubali kukisoma shuleni. Unajua waandishi wangapi wanaomba hivyo?"

"Uliniambia nimekushinda."

"Nilitaka ukubaliwe kwanza. Toleo la pili tutamrudisha. Polepole. Watu wakishampenda Neema, tunawaambia, kumbe alikuwa hivi."

"Basi ondoa jina langu."

"Vimeshachapwa vyote."

"Na picha yangu?"

Hapo ndipo alipotazama chini, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika mwaka wote. Akasema picha haikutoka vizuri, mwanga ulikuwa mwingi. Nilimkuta Mutiso kwenye ngazi nikitoka. Hakuniuliza kitu. Alisema, "Ile niliyochora kwanza walichukua, hawajanirudishia," akajibanza ukutani ili nipite.

Nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri kama aliamini alichoniambia siku ile, juu ya toleo la pili. Nadhani aliamini. Lilikuja la pili na la tatu na mengine, na kila mara Neema alikuwa na mashavu yaleyale, na nilipoandika kuuliza nilijibiwa kwamba sasa wasomaji wamemzoea na kumbadilisha kutawachanganya. Kitabu hicho kilisomwa na watu ambao leo ni wazazi. Wengine nimewafundisha watoto wao. Niliandika kingine, Naliaka akiwa na miaka kumi na sita, na nikakipeleka Nairobi kwenye nyumba nyingine za uchapishaji. Wa kwanza aliuliza ualbino wake una kazi gani, neno kwa neno, nikashangaa kama hufundishwa swali hilo mahali. Mwingine alisema wao tayari wana kitabu kimoja cha albino. Kimoja. Kama mji unavyohitaji mnara mmoja wa saa. Wairimu, kwa upande wake, alichukua nakala yake na kalamu ya wino akaanza kukata kila 'Neema' na kuandika 'Naliaka' juu yake, jioni baada ya jioni, miguu kwenye beseni. Alifika karibu na katikati akachoka. Aliolewa Githurai 45 akaenda nacho, na bado anacho hivyo, nusu Naliaka, nusu Neema. Siku hizi watu wa vitabu wanazungumza juu ya haya kwenye warsha, wana maneno yake mazuri, na kijana wa suti bila shaka ameyatoa huko. Hakuna ubaya. Ila wasiniambie yalikuwapo wakati ule. Wasimpe marehemu kitu alichokikataa akiwa hai, mezani, kwa kalamu nyekundu, huku akinipenda.

Mwaka ule uliishia Ngoliba. Mwezi wa kumi na moja, kabla shule hazijafungwa, Bwana Ndirangu alinipitia kwa gari la kampuni akasema shule moja huko imeomba kumwona mwandishi. Sikutaka. Nilikwenda kwa sababu ya watoto, nikijiambia hawana kosa. Kulikuwa kukavu, vumbi jekundu, na jua la huko halina huruma; nilijifunga kanga juu ya kofia. Mwalimu mkuu alitupokea langoni, akamsalimu Bwana Ndirangu kwa mikono miwili, akatazama ndani ya gari, akauliza, "Na mwandishi mmemwacha wapi?" Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Walikuwa wamekusanywa darasa la saba na la nane, madirisha wazi, wengine wamekaa sakafuni. Nilipoingia palikuwa na ule ukimya ninaoujua tangu utotoni. Kisha nikamwona. Aliketi dawati la mbele kabisa, msichana wa miaka kumi na mbili hivi, kofia ya sufi ya kufumwa kichwani katika joto lile, midomo imepasuka kwa jua, mikono ina madoa. Jina lake aliniambia baadaye lilikuwa Mwende. Hakuwa akinitazama kama wengine. Alikuwa akinitazama kama mtu anayehesabu kitu kichwani na anaogopa kukosea.

Niliongea juu ya kuandika, juu ya mto, juu ya kutokubali jibu la 'nenda ukasome'. Wakacheka palipofaa. Wakaanza maswali. Je, samaki walikuwa wa kweli? Je, Neema alikuja kuolewa na Omondi? Mwende aliinua mkono, akasimama, akakileta kitabu karibu na uso wake mpaka nikaona macho yake yakicheza juu ya mistari.

"Mwalimu, hapa kuna makosa," akasema. Darasa likaguna. "Wako mtoni. Omondi anamwambia Neema, 'Jifunike haraka, tayari shingo yako imeiva.' Shingo ya Neema inaivaje? Wengine wako naye hapo hapo na hawaivi."

Sikuwa nimeuona mstari huo. Nilikuwa nimekisoma kitabu chote kwa hasira na nikaupita, na wao kwa kalamu yao nyekundu waliupita pia. Ulikuwa wangu. Ulikuwa umebaki peke yake katika kurasa zote zile, na mtoto huyu alikuwa ameukuta.

"Si makosa," nikasema. "Jua linamchoma kwa sababu Neema yuko kama mimi na wewe. Hivyo ndivyo nilivyomwandika."

Nikamwona Bwana Ndirangu, kando ya makatoni ya vitabu aliyokuja nayo, akisimama wima. Mwende hakutabasamu kama nilivyotarajia. Alikifunga kitabu, akakigeuza, akalisogeza jalada kwenye macho yake, akalichunguza kwa muda. Akanitazama mimi. Akalitazama tena. Kisha akaliinua juu kuelekea kwangu, kidole chake kikiwa kwenye yale mashavu ya duara.

"Basi huyu ni nani?"

"Swali lingine," akasema Bwana Ndirangu, na mikono mingi ikainuka.